Pima na Chaja Yake

Laptopu ya gemu isipimwe bila chaja yake. Nimelisema hili mara nyingi kwenye korido za hosteli mpaka wenzangu wameanza kuniita Mzee wa Mizani, kwa hiyo acha niliandike hapa mara moja nipumzike. Kila mwaka wa masomo unapoanza, bumu likishaingia, lazima mtu agonge mlango akiwa na picha mbili kwenye simu: laptopu ndogo ya inchi 14 na kubwa ya inchi 15.6, bei zinakaribiana, na zote zina kadi ya grafiki yenye jina lile lile. Anauliza achukue ipi. Wengi hujibiwa chapchap: kubwa ina nguvu, ndogo inabebeka, maliza. Si uongo, ila jibu hilo halimsaidii mtu anayetoka kwetu.

Kwetu ni Mbulu, nje kidogo ya mji, na tunalima vitunguu saumu. Nasema "tunalima" kwa heshima ya baba na mama, maana mimi sehemu kubwa ya mwaka nipo huku Dodoma nasoma multimedia na uhuishaji, kozi ambayo kompyuta ya kawaida inaanza kulia ukifungua Blender tu. Nilipomwambia baba nahitaji mashine yenye kadi ya grafiki kwa ajili ya masomo, alicheka. Anajua vizuri kwamba nusu ya sentensi hiyo ni EA Sports FC. Lakini anajua pia kwamba nusu nyingine ni kazi. Likizo ndefu nachora nyumba za 3D kwa mafundi ujenzi wa Mbulu na Dongobesh, mteja aione nyumba yake kabla msingi haujachimbwa, na harusi zikianza nahariri vidio. Hela hiyo ndiyo inayonilisha mwanzo wa semista, kabla bumu halijasoma kwenye akaunti. Pesa ya mashine ilitoka kwenye magunia ya saumu, milioni mbili na laki mbili. Aliyewahi kulima saumu anajua bei inavyopanda na kushuka, na anajua pesa ya namna hiyo haiombwi mara mbili.

Machaguo yalikuwa mawili, yote mitumba. Ya kwanza Asus ROG Zephyrus G14 ya 2021. Ya pili Lenovo Legion 5 ya mwaka huo huo. Zote zina kadi ya RTX 3060. Hapo ndipo watu wengi wanapodhani hesabu imeisha: kadi ni moja, basi chukua ndogo, ubebe kirahisi. Ngoja kwanza.

Jina la kadi halikuambii inakula umeme kiasi gani, na kadi ya grafiki inafanya kazi kadiri inavyolishwa. Nvidia wenyewe waliiruhusu RTX 3060 ya laptopu ifungwe popote kati ya wati 60 na 115, na baadhi ya mashine huongezewa kidogo juu ya hapo. Zamani kadi zilizopunguzwa nguvu ziliandikwa "Max-Q", kwa hiyo mnunuzi alijua anachopewa. Toleo la 3060 lilipotoka mwaka 2021 alama hiyo haikuwa lazima tena, ikabaki juu yako kuchimba mpaka uzione wati. G14 inaipa kadi yake hadi wati 80. Legion 5 inaipa hadi 130. Jina moja, mashahara mawili tofauti kabisa. Ukienda dukani usiulize tu "ina 3060?" Uliza wati ngapi. Muuzaji akikuangalia kama unamtukana, fungua programu ya Nvidia kwenye mashine yenyewe, usome.

Kwa nini ndogo wasiipe wati 130 nayo? Joto, bwana. Umeme wote unaoingia kwenye kadi unatoka kama joto, na boksi jembamba lina feni ndogo na chuma kidogo cha kulibeba joto hilo. Ukilazimisha, mashine inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Huku Dodoma mwezi wa kumi na moja, chumba cha watu wanne, dirisha moja, utaisikia G14 ikipumua kama mtu aliyepandishwa ghorofa ya tano na godoro. Mbulu mwezi wa saba ni kitu kingine. Hewa ya juu kule ni nyepesi, feni inasukuma hewa pungufu, lakini baridi inafidia, na mashine ile ile inacheza kwa utulivu ambao huku sijawahi kuuona. Bibi aligundua kabla yangu kwamba upande wa kushoto wa laptopu ni mahali pazuri pa kupashia vidole.

Sasa turudi kwenye chaja. G14 peke yake ni kilo 1.6. Legion ni kama 2.4. Tofauti hiyo ni ya chupa ya maji tu, mtu mzima asiilalamikie. Ila mashine za namna hii zikichomolewa kwenye umeme zinakuwa kitu kingine. Betri ya G14 ni saa-wati 76. Ukicheza gemu kwa kuvuta wati 70 tu, ambazo bado ni kidogo, saa moja imeisha na betri imeisha. Na betri haiwezi kuongezwa sana, kwa sababu mashirika ya ndege hayaruhusu abiria betri ya zaidi ya saa-wati 100 bila kibali, basi watengenezaji wengi wanakomea hapo. Wametengeneza kwa kumfikiria abiria wa ndege, sio wa basi la Babati. Maana yake, nguvu uliyoilipia inakaa ukutani, na laptopu ni njia tu ya kuifikia. Bila chaja una mashine ya kuandikia ripoti, nzito kuliko ya mwenzako.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani nilichukua mizani ya kuning'iniza tunayopimia saumu, nikatia kila kitu kwenye mfuko. G14 na chaja yake ya wati 180 vilifika kilo mbili na kidogo. Legion ya rafiki yangu, na chaja yake inayofanana na tofali, vilipita kilo tatu. Hapo tofauti imeshakuwa kilo nzima, na kilo moja mgongoni inategemea barabara.

Rafiki yangu huyo ni wa Katesh, wilaya ya Hanang, tunasoma wote. Tukifunga chuo tunapanda basi moja, lami ya Dodoma, Kondoa hadi Babati iliyozinduliwa mwaka 2018, unalala, unaamka, umefika. Kutoka Babati yeye anaendelea na lami hiyo hiyo ya kuelekea Singida, anapita Dareda, anashuka Katesh mlangoni kwao na begi lake safi. Mimi naanza kupanda. Njia ya Dareda kwenda Dongobesh nimeijua kama vumbi kiangazi na tope masika, na kwenye gari dogo lililojaa begi la kompyuta linakaa mapajani, si juu na magunia. Nikishuka, kuna kilomita nne za bodaboda. Saa zote hizo kila bonde na kila jiwe mashine inalisikia, na vumbi la pale ni jembamba, linaingia hata kwenye zipu iliyofungwa. Ninafungia mashine kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi. Wengine wanacheka, lakini fundi aliyewahi kufungua laptopu ya mtu wa kwetu na kukuta feni imevaa blanketi hachekagi.

Basi mpaka hapo ungedhani nimesema ndogo imeshinda. Bado. Rafiki yangu yeye alinunua Legion, na ukimsikiliza utaona hakukosea. Kaka yake ana fremu ya gemu karibu na stendi ya Katesh, vijana wanalipia mechi, na likizo mashine inafungwa pale mezani haiguswi mpaka tunarudi chuo. Inasafiri mara chache kwa mwaka, juu ya lami. Skrini ni kubwa, vijana wawili wanacheza bila kugongana vichwa. Kibodi yake ina nafasi. Wati 130 zinamlipa kila siku. Kwenye gemu nzito yangu inashuka hadi fremu 50 kwa sekunde pale ambapo yake inaelea kwenye 70, na nikimtembelea naona haya kidogo kuifungua yangu.

Lakini likizo iliyopita alikuja Mbulu siku tatu, harusi ya binamu yangu, akaja na mashine yake, nikapata nafasi ya kufanya jambo nililolitamani muda mrefu. Mita ya LUKU inaonyesha uniti zilizobaki hadi nukta mbili za desimali. Tulizima kila kitu ndani ya nyumba: taa, runinga, friji, chaja za simu. Tukachomeka laptopu moja tu, ikarenda mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu, na mtu mmoja akakaa kwenye mita na tochi. Halafu ya pili, mchoro ule ule. Ilikuwa saa ya taarifa ya habari, baba alivumilia kwa uso wa mtu anayehesabu moyoni. Bibi aliuliza kama tuko kwenye maombi.

Legion ilimaliza kwa dakika 40, ikala uniti 0.12. G14 ilimaliza kwa dakika 52, ikala 0.10. Siyo kipimo cha maabara, mita yenyewe haioni chini ya hapo, lakini kinakubaliana na kanuni inayojulikana: ukipunguza wati za kadi karibu nusu, kasi haishuki nusu. Wati za mwisho ndizo ghali, zinaleta kasi kidogo kwa umeme mwingi. Mimi nilipoteza dakika 12. Kwa nyumba tano kwa wiki hiyo ni saa moja, ambayo nalala nikiwa nimeiacha inarenda.

Kwenye gemu hesabu ni tofauti, kwa sababu gemu haliishi mapema eti mashine ina nguvu. Saa tano ni saa tano. Legion ikivuta wati 180 ukutani kwa saa tano kila siku, mwezi unamaliza uniti 27. G14 ikivuta 115, ni kama 17. Kwetu tupo kwenye kundi la matumizi madogo, uniti ni shilingi 122 mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, zinazozidi zinakwenda kwenye bei ya juu zaidi. Nyumba yetu bila mimi inatumia kama uniti 52. Fanya hesabu mwenyewe. Nikija na 17 tunafika 69 na hakuna anayejua kwamba nimerudi. Nikija na 27 tunafika 79, tumevuka mstari, na ukivuka mara kwa mara unaweza kuondolewa kwenye kundi hilo kabisa, nyumba nzima ilipie bei kubwa, taa ya bibi ikiwemo. Hakuna ukurasa wa mapitio ya laptopu duniani utakaokuambia hivyo. Waandishi wake wanaishi mahali ambapo swali la umeme limeshajibiwa kabla ya mashine kutoka kwenye boksi.

Mahali ambapo swali hilo halijajibiwa kabisa ni kwa baba mdogo, upande wa Yaeda Chini. Pale ni sola. Ana betri moja ya volti 12, amp-saa 100, na inveta ndogo ya wati 300. Kwa kuandikwa betri hiyo ina saa-wati 1,200, lakini betri za aina ile ukizikausha zaidi ya nusu unaziua, kwa hiyo halali yako ni 600, na inveta inakula sehemu yake. Nilikwenda kwake kukata vidio ya harusi kabla haijapoa. Legion pale ingepata saa tatu kwa matumaini, na chaja yake ya wati 230 ikivuta kwa nguvu pamoja na taa na runinga inveta ingepiga kelele. G14 inakubali chaja ya USB-C. Nikaacha tofali nyumbani, nikabeba chaja ya wati 65 inayoingia mfukoni. Kasi inashuka, gemu nzito sahau, lakini nilikata vidio tangu asubuhi hadi mchana, jua likiwa linarudisha kile ninachotoa. Baba mdogo aliniuliza jambo moja tu, kama jioni runinga itawaka. Iliwaka.

Kwa maoni yangu, hilo tundu dogo la USB-C linazidi thamani kile chuma unachokipunguza kwa kununua mashine nyembamba. Ukiwa dukani liulize kabla ya rangi za kibodi. Sio kila laptopu ya gemu inaweza kuchajiwa nalo, nyingine tundu lipo ila ni la data tu.

Kuna jambo la Katesh ambalo nimejiuliza kama niliandike. Tarehe 3 Disemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, mlima ule wa zaidi ya mita 3,400 ambao kwetu tunauangalia kama picha, vikapita Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa zaidi ya watu 80. Nyumba ya akina rafiki yangu ilibaki, za majirani wawili hazikubaki. Siku aliyoleta Legion nyumbani, mama yake aliishika, akaigeuza, akauliza bei, halafu akauliza, "Ukiambiwa toka sasa hivi, unatoka nayo?"

Hakuuliza kilo. Yule mama tangu siku ile ana mkoba karibu na mlango wenye vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja na kadi za kliniki, na kila kitu kinachoingia ndani anakipima kwa mkoba ule. Rafiki yangu alinyamaza. Mashine imefungwa mezani kwenye fremu ya kaka yake, imechomekwa nyaya nne; usiku, mvua inanyesha, jibu ni hapana. Wiki iliyofuata alinunua SSD ya nje, ndogo kama kiberiti, kila jioni anahamishia humo kazi zake zote za chuo na mradi wa mwaka wa mwisho, na SSD inalala kwenye mkoba wa mama. Laptopu ikienda imekwenda, alisema. Mimi nilikuwa nimetumia miezi kulinganisha gramu na wati, na sikuwahi kufikiria kubebeka kwa namna hiyo. Nami nimenunua SSD, ya bei ndogo zaidi.

Nisikuache na picha kwamba G14 ni malaika. Udogo wake unalipiwa mahali usipopaona. RAM ya kwanza imechomelewa kwenye ubao, haitoki, una nafasi moja tu ya kuongeza. Legion ina nafasi mbili, unabadilisha zote ukitaka. Haina kamera kabisa, waliitoa, na sijui walidhani wanafunzi wanafanya usaili kwa njia gani. Nilipoitwa kwenye mahojiano ya nafasi ya mafunzo kwa vitendo nilisimamisha simu juu ya ndoo. Na ukicheza kwa muda, sehemu ya juu ya kibodi inachoma. Huku hosteli, ambapo tundu la umeme lipo hatua moja kutoka kitandani na mashine haitoki chumbani, Legion ni bora karibu kwa kila kitu, na mtu ambaye maisha yake yote ya laptopu yatakuwa kati ya hosteli na maktaba ya mjini asinisikilize mimi. Aichukue kubwa, aangalie wati, acheze.

Ila akija mtu wa Haydom, au wa Basotu, au yeyote ambaye basi lake halimfikishi nyumbani, huwa namuuliza maswali yangu kabla sijaangalia picha. Utashuka wapi? Kwenu mnatumia uniti ngapi? Nani mwingine anategemea umeme huo jioni? Wanadhani natania. Wiki iliyopita mmoja wa mwaka wa kwanza alikasirika, akasema amekuja kuuliza kuhusu laptopu, sio kuhojiwa ukoo. Baadaye alirudi, amempigia mama yake simu. Uniti 60, friji mbili, mama anauza maziwa. Tukakaa kitandani na kalamu.

Yangu sasa hivi ipo mezani inarenda nyumba ya mteja wa Dongobesh, paa la bati jekundu, imefika asilimia 62. Bumu likitoka nitajaza ile nafasi moja ya RAM, na kama itabaki kitu, kamera ya kuchomeka.